Meru na Embu: Kumwadhibu Rais Ambaye Hayuko Debeni

Hakuna Rais wa Kenya aliyewahi kutangazwa kuwa ameshindwa uchaguzi akiwa madarakani. Jomo Kenyatta alifia kazini mwaka wa 1978. Daniel arap Moi, Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta waliondoka kwa sababu Katiba iliwaambia muda wao umekwisha. Lakini keti na wazee wa Meru au Embu kwenye hoteli ya chai siku ambayo gazeti limejaa siasa, na hutachelewa kusikia majigambo kwamba wao ndio waliomwangusha Moi mwaka wa 2002, na wao ndio waliomtia Uhuru adabu mwaka wa 2022.

Karatasi za kura hazikubaliani nao. Mwaka wa 2002 jina la Moi halikuwapo. Lililokuwapo ni la Uhuru, kijana ambaye Moi alikuwa amemteua amrithi. Mwaka wa 2022 jina la Uhuru halikuwapo. Lililokuwapo ni la Raila Odinga, hasimu wake wa miaka mingi ambaye sasa alikuwa amepewa baraka zake. Hata hivyo wazee hao hawasemi uongo. Wanaeleza kura yao ilikusudiwa nani. Waliyempigia alikuwa mmoja, waliyempiga alikuwa mwingine, na huyo aliyepigwa hakuwa hata mgombea.

Naona hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Mtu akimwadhibu mtawala kupitia mrithi wake, shangwe ya siku ya matokeo huwa kubwa kupita kiasi, na yule aliyeshinda huingia Ikulu bila kuulizwa maswali. Majuto yanayofuata si ukigeugeu wa watu wa Mlima Kenya, kama wanavyopenda kusema wachambuzi wa Nairobi. Yanatokana na jinsi ushindi wenyewe ulivyopatikana.

Embu ya mwaka wa 2002 ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulioanzia Machakos na Kitui ukaenda hadi Moyale mpakani na Ethiopia. Mkuu wa mkoa alikaa pale, na chini yake walikuwapo wakuu wa wilaya, maafisa wa tarafa, machifu na manaibu wao. Kwa mkulima wa Runyenjes au wa Nkubu, Kanu, chama tawala cha Moi, haikuwa jambo la mbali. Ilikuwa na sura ya chifu anayekusanya mchango wa harambee, na ya viongozi wa chama cha ushirika ambao haikueleweka pesa za kahawa wamezipeleka wapi. Kahawa iliyojenga nyumba na kusomesha watoto katika miaka ya sabini ilikuwa imeporomoka bei, na wapo waliong'oa mibuni wakapanda mahindi. Hasira ya 2002 iliiva polepole katika hali hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi.

Watu hao walikuwa wamejaribu kumwondoa Moi mwenyewe alipokuwa debeni, tena mara mbili. Mwaka wa 1992 alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, kwa kuwa Kenneth Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana zilizobaki. Mwaka wa 1997 alishinda tena kwa takriban asilimia 40. Chama cha Democratic, DP, alichokiunda Kibaki baada ya kujiuzulu serikalini Desemba 1991, kilikuwa na mizizi Meru na Embu, lakini mizizi ya eneo moja haitoshi kumwangusha Rais wa nchi. Aliyepiga kura katika chaguzi zote tatu alijifunza jambo la ajabu: mtawala akiwa kwenye karatasi hushinda, akiondoka kwenye karatasi huanguka.

Tarehe 27 Desemba 2002 Kibaki alipata asilimia 62 na Uhuru 31. Uhuru alikubali kushindwa mapema, kwa heshima, jambo ambalo halikumletea sifa aliyostahili. Siku tatu baadaye Moi alikwenda bustani ya Uhuru Park kukabidhi madaraka, akazomewa na kurushiwa matope, huku umati ukiimba wimbo wa kanisani uliogeuzwa maneno ili umseme yeye. Kibaki alikula kiapo akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya barabarani. Wiki zilizofuata abiria wa matatu waliwakamata polisi wa trafiki waliopokea hongo na kuwalazimisha kuirudisha. Shule za msingi zilifunguliwa Januari 2003 bila karo, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Nadhani hakuna kipindi kingine ambacho Wakenya wamekuwa na imani na serikali yao kiasi kile.

Wimbi hilo lakini halikuzoa kila kitu. Kule Siakago, eneo la Wambeere lililo upande wa chini wa Embu wenye ukame, wapiga kura walimrudisha bungeni Justin Muturi wa Kanu. Moi alikuwa amekwisha, mrithi wake alikuwa amebwagwa, na bado watu wa Siakago walimbakisha mbunge wa chama kilekile kilichochukiwa. Mwenye kusema kwamba wapiga kura wa huku hufuata upepo tu, na alieleze hilo. Jina la Muturi tutalikuta tena.

Miaka mitatu haikuisha kabla ya Meru na Embu kuonja upande wa pili. Kura ya maamuzi ya tarehe 21 Novemba 2005 kuhusu rasimu ya Katiba iligawanya nchi kati ya ndizi, alama ya ndiyo, na chungwa, alama ya la. Kibaki alisimama na ndizi. Waziri wake wa sheria, Kiraitu Murungi wa Imenti Kusini, alikuwa mmoja wa waliobeba mzigo wa kampeni hiyo. Meru na Embu ziliunga mkono ndizi. Nchi ikachagua chungwa kwa takriban asilimia 58. Siku mbili baadaye Kibaki alivunja karibu baraza zima la mawaziri.

Tukio hilo husahaulika kila mara watu wanapozungumzia viongozi wasiopendwa, na halifai kusahaulika. Kwa mkazi wa Kisumu, Mombasa au Eldoret, Novemba 2005 ilikuwa siku ya Rais asiyependwa kupewa kibano cha haki. Kwa mkazi wa Meru ilikuwa ni mtu wetu kaonewa. Tukio lilikuwa moja, na vilio na vigelegele vilitegemea mtu yuko upande gani wa Mlima. Badala ya kuuliza kwa nini nchi imemkataa Kibaki, eneo zima lilijikunja na kumzunguka, na uchaguzi wa 2007 ukaingiwa na kila upande ukiwa umeshika ngome yake. Machafuko yaliyofuata hadi Januari 2008 yanajulikana.

Hatimaye tufike kwa Uhuru, ambaye kisa chake ndicho kinachofundisha zaidi. Mwaka wa 2013 na 2017 Meru na Embu zilimpa takriban kura tisa kwa kila kumi. Tarehe 1 Juni 2018 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Kinoru, mjini Meru, naye akiwa mgeni wa heshima miongoni mwa watu waliomwona kama mtoto wa nyumbani. Miezi mitatu nyuma, tarehe 9 Machi, alikuwa amepeana mkono na Raila kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Hapo Kinoru bado hakuna aliyejua handisheki ile ingefika wapi.

Ilifika kwenye BBI, mpango wa kubadilisha Katiba ambao Mahakama Kuu iliuzima Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikaukataa Agosti mwaka huohuo, na Mahakama ya Juu ikaumaliza tarehe 31 Machi 2022. Ilifika pia kwenye kumtenga William Ruto, naibu aliyezunguka na Uhuru kuomba kura za Mlima na kuahidiwa kwamba zamu yake itakuja. Watu wa Meru na Embu hawakumpenda Ruto kwa siku moja. Walimzoea kwa miaka, kanisa baada ya kanisa, wakati Rais wao alikuwa haonekani. Neno lililosikika sokoni lilikuwa madharau. Walihisi wamedharauliwa na mtu waliyemweka wenyewe, na kuambiwa wampigie kura mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano walikuwa wameambiwa wamwogope.

Kilichofanyika Julai 2022 kinaonyesha hasira hiyo ilivyokuwa ngumu kununuliwa. Miraa ya Igembe na Tigania ilikuwa imefungiwa soko la Somalia tangu Machi 2020. Kwa asiyeijua biashara hiyo: miraa huchumwa, hufungwa kilo na mabunda, ikafunikwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye Hilux zinazokimbizana kutoka Maua hadi uwanja wa ndege Nairobi, kwa sababu thamani yake hushuka kila saa inayopita. Uholanzi ilikuwa imeipiga marufuku Januari 2013 na Uingereza Juni 2014, kwa hiyo Mogadishu ndiyo iliyokuwa tegemeo. Kufungwa kwa soko hilo kulimaanisha vijana kukaa vibarazani na wazazi kukosa karo. Kisha, baada ya Rais Hassan Sheikh Mohamud kuja Nairobi na kuzungumza na Uhuru, ndege za miraa zilirejea Mogadishu mwezi huo wa Julai, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti.

Kwa kanuni ya siasa za kawaida, serikali iliyorudisha mkate mezani hulipwa kwa kura. Meru ilimpa Ruto zaidi ya robo tatu ya kura zake. Embu ilifanya vivyo hivyo, ingawa mgombea mwenza wa Raila, Martha Karua, alitoka Kirinyaga, jirani kabisa. Wafanyabiashara wa miraa waliipokea habari njema, wakapakia magari yao, wakaenda kumpigia kura mpinzani wa aliyeileta. Nchini kote Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, pengo la kura zipatazo 233,000. Gawanya kura za Mlima Kenya nusu kwa nusu na matokeo yanageuka. Kwa hiyo wazee wa hoteli ya chai wana haki ya kujigamba.

Lakini siku ileile, ndani ya kibanda kilekile cha kupigia kura, walifanya jambo jingine linaloonyesha akili zaidi kuliko hasira. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na diwani. UDA ya Ruto iliomba suti kamili, vipande vyote sita vya rangi moja. Meru ilivaa koti na kuiacha suruali. Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa madarakani na aliyekuwa upande wa Azimio, muungano wa Raila, alimaliza wa tatu kwa kura takriban 110,000. Mithika Linturi wa UDA alipata karibu 184,000. Aliyewashinda wote, kwa zaidi ya kura 209,000, alikuwa Kawira Mwangaza, mgombea huru aliyekuwa mwakilishi wa kike wa kaunti na aliyejulikana kwa kuingia nyumba za maskini akiwa na ng'ombe na magodoro. Embu ilimchagua Cecily Mbarire wa UDA kuwa gavana, ila kiti cha seneta kikaenda kwa Alexander Mundigi wa DP, na Mbeere Kaskazini ikamchagua Geoffrey Ruku, naye wa DP.

Katika shule ya msingi iliyogeuzwa kituo, msimamizi huinua karatasi moja baada ya nyingine, akaisoma kwa sauti, mawakala wakiandika. Halafu Fomu 34A hubandikwa mlangoni, na wenye simu huipiga picha. Anayesoma fomu za ngazi zote mlangoni hapo huona kura za aina mbili zilizotoka kwenye mikono ileile. Ile ya Rais ni ya ghadhabu na imeelekezwa upande mmoja. Zile za kaunti zimepimwa: huyu tunamjua, huyu alituletea maji, huyu amekula, huyu bado mgeni. Gavana anaangushwa kwa rekodi yake. Rais anaangushwa kwa hisia, na tena kupitia mtu mwingine. Ukitaka kujua watu wa Meru wanafikirije, usianzie kwenye karatasi ya kwanza.

Shangwe ya Agosti 2022 ilikuwa na upungufu mmoja ambao wakati ule haukuonekana. Uhuru alirudi nyumbani na marupurupu ya Rais mstaafu. Hakuna chochote alichopoteza binafsi ambacho mkulima wa Manyatta angeweza kukitumia. Na waliokataliwa debeni hawakupotea. Linturi, ambaye Meru ilimnyima ugavana, aliteuliwa waziri wa kilimo mwaka huohuo. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 3,500 na baadaye 2,500, na watu wakafurahi kwa haki kabisa. Halafu msimu wa kupanda wa 2024 ukaja na habari za mbolea bandia iliyouzwa kupitia maghala ya serikali. Mkulima aliyebeba mfuko mgongoni kutoka ghalani, akautia shambani, akangoja mahindi yasiyokuja, hakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa serikali aliyoiweka na waziri aliyekuwa amemkataa. Kamati ya Bunge ilimsafisha Linturi Mei 2024. Julai Ruto akavunja karibu baraza lote na waziri akaenda na wenzake.

Kilicholazimisha kuvunjwa kwa baraza ni vijana. Ushuru wa mafuta ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023, makato ya mishahara ya kujengea nyumba yakaanza, kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukataka zaidi. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi. Siku hiyohiyo ofisi ya UDA mjini Embu iliteketezwa. Mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 1 Juni 2023, Ruto alikuwa ameadhimisha Madaraka mjini humo, katika uwanja ambao umeendelea kuitwa Moi Stadium licha ya yote yaliyotokea 2002. Kinoru 2018 na Embu 2023: Marais wawili walisherehekea siku ileile ya mwaka katika maeneo haya wakidhani ni ngome, na wote wawili hawakuchelewa kuona ngome ikigeuka.

Vijana wa 2024 wengi wao hawakumpigia mtu yeyote kura mwaka wa 2022. Waliojitokeza nchini mwaka huo walikuwa karibu asilimia 65 ya waliojiandikisha, kutoka karibu asilimia 79 miaka mitano kabla. Wazee walimwadhibu mmoja kwa kumchagua mwingine. Watoto wao walikaa nyumbani, kisha wakaingia barabarani. Hiyo nayo ni namna ya kupokea uongozi usiopendwa, na Mlima haukuwa umeizoea.

Kuna tofauti moja ambayo magazeti ya Nairobi huifuta kwa kusema Mlima Kenya kana kwamba ni kijiji kimoja. Kenyatta wawili walitoka Kiambu. Kibaki alitoka Nyeri, na Rigathi Gachagua, naibu wa kwanza wa Ruto, pia Nyeri. Meru, Tharaka Nithi na Embu zimekuwa zikitoa kura na kupewa shukrani. Seneti ilipomwondoa Gachagua Oktoba 2024, magharibi mwa Mlima waliona wametukanwa. Mashariki hasira ilichanganyika na kitu kingine, maana aliyechukua nafasi hiyo tarehe 1 Novemba ni Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi. Kwa mara ya kwanza mtu wa upande huu alikuwa hatua moja tu kutoka Ikulu. Mtu anaweza kumchoka Rais na bado akasita kuangusha meza ambayo mwanawe amekaribishwa.

Kusita huko kulipimwa Mbeere Kaskazini. Muturi, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka tisa na kisha Mwanasheria Mkuu na waziri wa Ruto, alikuwa amegeuka mkosoaji baada ya mwanawe kutekwa nyara mwaka wa 2024. Alifutwa kazi Machi 2025, na aliyeteuliwa mahali pake ni Ruku, mbunge wa nyumbani kwake. Kiti cha Ruku kikabaki wazi. Uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025 ukawa vita vya Kindiki kwa upande wa UDA, na Muturi na Gachagua kwa upande wa DP. Leonard Muthende wa UDA alimshinda Newton Kariuki wa DP kwa kura zisizofika 600. Siakago, ndiyo Mbeere Kaskazini ya leo, iliyomlinda Muturi mwaka wa 2002 dhidi ya wimbi la nchi nzima, haikumpa ushindi mara hii.

Waliosema ni pesa na mabavu hawakukosa la kutaja. Kampeni ile haikuwa safi. Lakini kuna jani moja linaloeleza mengi. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, jani la kutafuna la jamii ya miraa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Muguka hulimwa na Wambeere. Kwa mzazi wa Likoni au Malindi ni balaa linalowamaliza vijana, na sitambishia. Kwa mama wa Kiritiri ni karo. Ruto aliwaita viongozi wa Embu Ikulu na kutangaza kwamba amri za magavana hazina nguvu kisheria kwa kuwa sheria ya taifa inautambua mmea huo. Linganisha na miraa ya Julai 2022. Uhuru alifungua soko la miraa akanyimwa kura. Ruto alilinda soko la muguka na chama chake kikapenya, ingawa kwa tundu la sindano. Tofauti, kwa maoni yangu, haikuwa ukubwa wa fadhila. Uhuru alikuwa anaondoka na hakuwa na kitu cha kuahidi tena, ilhali Ruto bado ana miaka, bajeti na naibu wa kutoka jirani. Rais anayeaga ni rahisi kumchukia.

Eneo letu la Afrika lina mifano ya njia zote mbili, ya kumwadhibu mtawala mwenyewe na ya kumwadhibu kupitia mrithi. Burundi, Juni 1993, Pierre Buyoya alishindwa na Melchior Ndadaye akakubali, watu wakashangilia, na Oktoba wanajeshi wakamuua mshindi. Kongo, Desemba 2018, Joseph Kabila hakugombea, na mtu wake, Emmanuel Ramazani Shadary, akatangazwa wa tatu. Hiyo ilikuwa adhabu ya mrithi kama ile ya 2002, na kama ilivyokuwa Kenya, wengi wa watu wa zamani walipata njia ya kubaki. Kisha kuna Zambia ya Agosti 2021, ambako Edgar Lungu alikuwa kwenye karatasi mwenyewe na akabwagwa na Hakainde Hichilema kwa karibu kura milioni moja. Na Malawi imefanya hivyo mara mbili, 2020 na 2025, watu wakimrudisha Peter Mutharika waliyekuwa wamemtoa. Wamalawi hawakumsahau Mutharika; walimpima upya baada ya kumjaribu mwingine. Kenya haijawahi kupata nafasi ya kupima hivyo, kwa sababu Marais wake wasiopendwa huondoka kwa kalenda.

Embu imewahi kuonja jambo hilo kwa kiwango chake. Gavana Martin Wambora ndiye wa kwanza nchini kuondolewa na madiwani na Seneti, Februari 2014, na akaondolewa tena mwaka huohuo, mahakama zikamrudisha. Mwaka wa 2017 kesi ilifika kwa wapiga kura wenyewe, wakamchagua tena. Meru nayo ilimwona Mwangaza akishtakiwa na madiwani mara tatu. Seneti ilimwachilia Desemba 2022 na Novemba 2023, ikamwondoa Agosti 2024, na baada ya Mahakama Kuu kukubaliana na Seneti, naibu wake Mutuma M'Ethingia aliapishwa Machi 2025. Wapiga kura zaidi ya 209,000 waliomweka hawakuulizwa. Wanaomchukia walishangilia, wanaompenda wakalia, na wote walikuwa watazamaji. Kati ya kaunti hizi mbili, Embu ndiyo iliyopata hukumu yake.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Ruto ana haki ya kugombea muhula wa pili, na amekwisha kusema ataugombea. Ikiwa hivyo, kwa mara ya kwanza tangu 2002 ilete mazoea ya kumpiga mrithi, Meru na Embu zitamkuta mtu wanayemlalamikia akiwa kwenye karatasi mwenyewe, na rekodi yake mkononi. Huko nyuma, 1992 na 1997, mtawala wa namna hiyo aliponea mgawanyiko wa wapinzani, na wapinzani wa leo tayari wana vyama na wagombea wa kutosha kurudia kosa hilo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Maua, Chuka, Runyenjes au Siakago, ukiamua aanguke ni haki yako, na ukiamua abaki ni haki yako vilevile. Lakini yeyote atakayekuja kuomba ile karatasi ya kwanza, usimwachie apite kwa sababu tu anamtukana unayemchukia. Muulize nani atakuwa waziri wake wa kilimo, mbolea itakaguliwa na nani kabla haijafika ghalani, makato gani ataondoa na pesa hizo atazitoa wapi. Na muulize, kwa majina, ni wangapi kati ya wale uliowakataa 2022 wamepanda gari lake.